Dune kwa Watazamaji wa Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila watu wanapokaa kuangalia filamu za Dune, iwe sebuleni Kirumba, ukumbini Igoma au uani Nyegezi. Sehemu ya nne ya maswali haya inaharibu uhondo. Kama hujaiona filamu ya pili, iruke.

## 1. Kwa anayeanza

Dune ni nini?

Ni riwaya ya Mmarekani Frank Herbert iliyotoka mwaka 1965, na jina lake maana yake ni tuta la mchanga. Mwaka 1957 Herbert alikuwa akifuatilia mradi wa kupanda nyasi ili kuzuia mchanga uliokuwa ukisogea na kufukia barabara karibu na Florence, jimbo la Oregon. Kutoka hapo akaibuni sayari nzima ya jangwa, Arrakis.

Kisa kwa ufupi: ukoo wa Atreides unapewa Arrakis kuitawala badala ya mahasimu wao, Harkonnen. Ni mtego. Kijana Paul na mama yake Jessica wanakimbilia jangwani kwa wenyeji, Wafremeni, ambao kwa vizazi vingi wamekuwa wakimsubiri mkombozi.

Ziko filamu ngapi, na nianze na ipi?

Anza na ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Denis Villeneuve (dakika 155), kisha sehemu ya pili ya mwaka 2024 (dakika 166). Hizo mbili ni kitabu kimoja kilichokatwa katikati. Ndiyo maana ya kwanza inaisha ghafla, na mtu aliyeiona peke yake hulalamika kwamba hakuna kilichotokea. Ukiweza, ziangalie siku mbili mfululizo, Ijumaa na Jumamosi. Ukiziacha mbali kwa mwezi mzima utasahau nani ni nani.

Kabla ya hizo kuna ya David Lynch ya mwaka 1984 (dakika 137), iliyosongamanisha kitabu chote ndani ya filamu moja, na tamthilia ya televisheni ya mwaka 2000. Ya Lynch iangalie baadaye, kwa udadisi. Ukianza nayo utadhani hadithi yenyewe ndiyo iliyovurugika.

Lazima nisome kitabu kwanza?

Hapana. Lakini ukikwama filamuni, kitabu ndicho kitakachokukwamua, kwa kuwa mambo mengi ya Herbert yanatokea vichwani mwa watu, na kamera haiingii humo. Aliandika vitabu sita: 1965, 1969, 1976, 1981, 1984 na 1985. Viwili vya kwanza vinamtosha mtazamaji wa kawaida. Cha nne kina mhusika ambaye ni nusu mtu nusu mnyoo na anafikiri kwa sauti kurasa kwa kurasa; nenda ukiwa na subira.

Mbona watu wa maelfu ya miaka ijayo wanapigana kwa visu?

Hili ndilo swali la kwanza la kila anayezoea filamu za bunduki za mwanga. Jibu ni ile ngao ya mwilini. Inazuia kitu kinachokuja kwa kasi, kama risasi, lakini kinachoingia polepole kinapita. Kwa hiyo mpiganaji hodari ni yule anayejua kupunguza mwendo wa mkono sentimita za mwisho. Tazama tena mazoezi ya Paul na mkufunzi wake Gurney mwanzoni: ngao inang'aa buluu pigo linapozuiwa, na nyekundu kisu kinapopenya.

Kwa nini wasitumie miale? Kitabuni, mwale ukigonga ngao hutokea mlipuko unaoweza kumuua hata aliyefyatua. Kwa nini Wafremeni hawavai ngao? Kwa sababu mtetemo wake jangwani unamwita mnyoo na kumtia wazimu.

Kompyuta nazo hazipo kwa sababu za kihistoria. Zamani sana binadamu walipigana vita dhidi ya mashine zinazofikiri, wakazipiga marufuku. Kazi ya hesabu hufanywa na watu waliofunzwa, wanaoitwa Mentat. Ndiye yule mzee ambaye macho yake yanageuka meupe anapokokotoa gharama za safari.

Vile viungo wanavyovigombania ni kitu gani?

Ni unga unaopatikana Arrakis tu, wenye harufu kama mdalasini. Unarefusha maisha, unageuza macho kuwa ya buluu tupu, na unawapa waongoza vyombo uwezo wa kuona njia salama kati ya nyota. Bila huo hakuna usafiri, na bila usafiri hakuna himaya. Tumesoma habari za karafuu za Zanzibar na masultani waliozifuata, kwa hiyo hapa hatuhitaji mhadhara: zao moja, mahali pamoja, na wageni wengi wenye meli.

## 2. Maneno na mila

Ni kweli Wafremeni wanaongea Kiswahili?

Hapana, lakini sikio lako halijakudanganya. Herbert alichota maneno mengi kutoka Kiarabu, na Kiswahili nacho kina akiba ileile. Kwa hiyo mtazamaji wa Mwanza anasikia vitu ambavyo mtazamaji wa Chicago anaambulia kelele tu.

*Mahdi* halihitaji maelezo. *Lisan al-Gaib* ni ulimi wa ghaibu, na kitabu kinalifafanua kuwa sauti kutoka ulimwengu wa nje. Sisi tunasema "ndugu zetu wa ughaibuni", basi ni ghaibu hiyohiyo: Paul ni mtu aliyetoka ughaibuni. *Usul*, jina lake la siri, ni usuli. Kitabu kinasema ni kitako cha nguzo, yaani pale inaposimamia. *Muad'Dib* ni jina la panya mdogo wa jangwani, lakini kwa Kiarabu ni mwalimu anayetia adabu. *Shai-Hulud*, mnyoo, ni "kitu cha milele". Wapiganaji wa *Fedaykin* wametoka kwenye mzizi uliotupa "fidia": watu waliojitoa kuwa fidia.

Angalia mtego mmoja. Mfremeni Stilgar anaitwa *Naib*, na kwetu naibu ni wa pili baada ya mkubwa. Hapa ndiye mkubwa mwenyewe.

Lugha ndefu wanayoizungumza Wafremeni filamuni ilitungwa na mwanaisimu David J. Peterson. Usijaribu kuikamata kwa Kiarabu cha madrasa. Utapoteza maandishi ya chini. (Maandishi yasipoonekana kabisa, tazama swali la maandishi katika sehemu ya 3.)

Kwa nini Stilgar anatema mate mezani na hakuna anayemwadhibu?

Kwa sababu anatoa zawadi. Mahali ambapo maji ya mwili hukusanywa hata kwa maiti, kumtemea mtu mate ni kumpa kitu usichoweza kurudishiwa. Walinzi wanashika visu, Duncan Idaho, mpiganaji wa Atreides, anawatuliza na kushukuru, kisha Duke Leto, baba yake Paul, naye anatema. Dakika moja hiyo inaeleza Arrakis kuliko hotuba yoyote. Aliyewahi kuona mzee wa Kimasai akimbariki mtoto kwa mate hatashangaa.

Mavazi yao yanafuata hesabu hiyohiyo. Yanachuja jasho na mkojo na kuyarudisha kwenye mrija wa kunywa, na kitabu kinasema vazi likivaliwa sawasawa unapoteza maji ya kujaza kifuniko cha kidole cha fundi cherehani tu kwa siku. Kuiangalia filamu hii huku Ziwa Viktoria linaonekana dirishani kunaleta hisia ya ajabu kidogo.

## 3. Kuiangalia vizuri hapa kwetu

Bando kiasi gani kinatosha?

Kwa huduma za kulipia, kadiria GB 1 kwa saa kwa ubora wa kawaida na GB 3 kwa saa kwa HD. Sehemu ya kwanza ni saa 2 na dakika 35, hivyo weka karibu GB 2.6 au GB 7.8. Ya pili ni GB 2.8 au GB 8.3. Kwenye simu hutaona tofauti kubwa ya ubora, kwa hiyo usichome bando. Kama programu inaruhusu kupakua, pakua usiku, na uzime sasisho za programu nyingine kwanza. Mara nyingi hizo ndizo zinazokula bando, halafu lawama inaangukia filamu.

Muziki unapasua masikio lakini maongezi hayasikiki. Sabufa yangu ni mbovu?

Sabufa haina kosa. Filamu imechanganywa kwa spika nyingi, na maongezi karibu yote yamewekwa kwenye spika ya katikati. Ukiicheza kwenye spika mbili na sabufa, kifaa kinapaswa kuigawa ile ya katikati kushoto na kulia. Vifaa vingine vinaigawa kwa udogo, vingine vinaitupa kabisa, na unabaki na ngoma za mtunzi wa muziki Hans Zimmer na minong'ono ya Jessica kwa mbali.

Fuata mpangilio huu. Kwanza, kwenye mipangilio ya sauti ya kifaa chagua stirio, usiache kwenye 5.1, yaani ya spika nyingi. Pili, kama unatumia programu ya VLC, fungua madoido ya sauti na uwashe kompresa. Itashusha kishindo na kupandisha mnong'ono. Televisheni nyingi zina kitu kama hicho kwa jina la hali ya usiku. Tatu, punguza besi. Watu wengi hapa huiacha kwenye ukomo kwa sababu ya Bongo Fleva, na mnyoo anapokuja bati linatetemeka kuliko spika. Besi ya katikati inatosha: utamsikia mnyoo, na utasikia pia wanachosema wanaomkimbia.

Maandishi ya chini yanatangulia au yanachelewa. Nifanyeje?

Jiulize kwanza: tofauti ni ileile mwanzo hadi mwisho, au inaongezeka?

Ikiwa ni ileile, ni rahisi. Kwenye VLC ya kompyuta, bonyeza H maandishi yakitangulia na G yakichelewa. Kila mbonyezo ni milisekunde 50, kwa hiyo sekunde moja ni mibonyezo 20.

Ikiwa inaongezeka, faili la maandishi lilitengenezwa kwa nakala ya picha 25 kwa sekunde na yako ni 23.976, au kinyume chake. Kwa filamu ya dakika 155 tofauti mwishoni inapita dakika 6, na hakuna mbonyezo utakaokusaidia. Tafuta faili jingine.

Yasipoonekana kabisa, hakikisha faili la maandishi (srt) lina jina lilelile la filamu, herufi kwa herufi, na liko folda moja nayo. Kuna pia maandishi ya lazima, yale ya sehemu za Kifremeni peke yake. Nakala iliyoyakosa inamnyima mtazamaji mazungumzo mengi ya sehemu ya pili, na watu huondoka wakidhani ilikusudiwa wasielewe.

Tunataka kuonyesha uani kwa projekta. Tuzingatie nini?

Giza kwanza. Mwanza jua huzama karibu saa moja jioni, na ukianza kabla ya saa moja na nusu matukio ya usiku jangwani yatakuwa ukuta wa kijivu. Filamu hizi ni za giza kwa makusudi. Projekta haiwezi kutoa weusi. Weusi wako ni ule wa shuka lenyewe taa zikiwa zimezimwa. Kamwombe jirani azime taa ya nje kabla hujakopa projekta kubwa zaidi.

Umbali: zidisha upana wa picha kwa uwiano wa lenzi ulioandikwa kwenye kitabu cha projekta. Uwiano wa 1.5 na picha ya mita 2.4 ni mita 3.6 kutoka kwenye shuka. Picha itakuwa na mistari myeusi juu na chini. Si hitilafu. Filamu ni pana (2.39 kwa 1), kwa hiyo kwenye shuka la mita 2.4 kwa 1.35 picha halisi ina kimo cha mita 1 tu. Usiivute ijaze shuka. Nyuso zitarefuka kama za kwenye kijiko.

Sasa wadudu. Karibu na mwezi mwandamo wale wadudu wadogo wa ziwani hutoka kwa wingi hadi wanaonekana kama moshi juu ya maji, na mwanga wa projekta ndio sherehe yao. Walio Capri Point, Kirumba na ufukwe wa Ilemela wanajua. Panga onyesho mbali na siku hizo. Ikishindikana, washa taa nyeupe kali mita 15 hadi 20 pembeni, upande wa ziwa, iwavute wao. Projekta ifunike kwa chandarua kilicholegea. Usizibe matundu ya hewa kwa kitambaa, itapata joto na kujizima. Kesho yake safisha kichujio kwa brashi kavu.

Umeme ukikatika katikati?

Kama projekta ni ya taa ya kawaida, feni imesimama wakati taa bado ni ya moto sana. Usiiwashe papo hapo umeme unaporudi. Subiri dakika 10. Taa nyingi hufa kwa haraka hiyo. Projekta za LED hazina shida hii kubwa.

Projekta ya wati 250, kompyuta ya wati 60 na spika za wati 100 zinaendeshwa na jenereta ndogo ya kVA 1 bila taabu, ila liweke nyuma ya nyumba. Mlio wake unakaa palepale kwenye sauti za maongezi.

Mvua ikianza kupiga bati?

Kuongeza sauti hakusaidii, utachosha masikio tu. Washa maandishi ya chini hata ya Kiingereza, endelea. Ikiwa ni mvua ya radi, chomoa kila kitu ukutani.

Naweza kutoza kiingilio?

Ukishatoza au kualika umma, hayo si matumizi ya nyumbani tena. Maonyesho ya filamu yanasimamiwa na Bodi ya Filamu Tanzania chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, na haki za mwenye kazi ziko chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kulipia huduma nyumbani hakukupi ruhusa ya kuonyesha kibanda umiza. Kualika shemeji na watoto wa jirani sebuleni ni jambo jingine.

Zile zilizotafsiriwa na madijei zinafaa?

Kwa kicheko, sana. Dijei mzuri anampa Baron, mkuu wa Harkonnen, jina la mtaani na unamkumbuka wiki nzima. Lakini Dune ni filamu ya kimya kirefu, na dijei kazi yake ni kukijaza. Tena ana desturi ya kukuambia mapema nani ni steringi na nani ni adui, na hapo ndipo anapoharibu, kwa sababu iliyo katika sehemu inayofuata. Ione yenyewe kwanza, ya dijei iwe ya mara ya pili.

## 4. Kwa waliokwisha kuziona zote mbili

Kwani Paul si steringi?

Tumekulia kwenye "steringi hafi". Herbert alijua desturi hiyo na akaitega. Alikuwa akiandika onyo dhidi ya viongozi wanaogeuzwa waokozi. Paul ni hodari, ana huruma, anaonewa, kila kitu cha steringi anacho, na mwisho wake ni vita vitakavyoua mabilioni kwa jina lake. Unabii wenyewe ulipandwa jangwani na wanawake wa Bene Gesserit, chama chao cha siri, kama mtu anavyochimbia mtego na kuurudia baadaye.

Wasomaji wengi wa mwaka 1965 walimshangilia hata hivyo, na kitabu cha 1969 kinalisema jambo hilo waziwazi zaidi. Villeneuve hakutaka kosa lijirudie, kwa hiyo akambadilisha Chani, mpenzi wa Paul.

Chani wa kitabuni naye anaondoka?

Hapana. Kitabuni anabaki upande wa Paul, wana mtoto, na hata ndoa ya kisiasa ya Paul na Irulan, binti wa mfalme, anaivumilia. Filamuni yeye ndiye jicho la mtazamaji: haamini unabii, anaona watu wake wakipotea, na picha ya mwisho ni uso wake akimsubiri mnyoo. Mashabiki wa kitabu hulalamika. Kwa maoni yetu ni badiliko bora kuliko yote, maana bila yeye hakuna mtu ndani ya filamu anayesema hapana akasikika.

Alia, mdogo wake Paul, yuko wapi?

Tumboni. Kitabu kinaruka zaidi ya miaka miwili, Alia anazaliwa akiwa na akili ya mtu mzima na yeye ndiye anayemuua Baron. Filamu imebana yote ndani ya miezi isiyofika tisa, hivyo Jessica anazungumza na mimba na Baron anauawa na Paul. Kuonyesha mtoto mdogo anayeongea kama bibi kizee bila watu kucheka ni kazi ngumu. Ya mwaka 1984 ilijaribu.

Kwa nini kwa Harkonnen nje ni rangi nyeusi na nyeupe?

Mpigapicha Greig Fraser alitumia kamera iliyorekebishwa kupokea mwanga wa infraredi. Ngozi inakuwa kama nta na vitambaa vinabadilika rangi bila kutabirika. Wakiingia ndani, rangi zinarudi. Televisheni yako haijaharibika.

## 5. Habari mpya

Sehemu ya tatu inatoka lini?

Imepangwa Desemba 18, 2026, ikitokana na kitabu cha 1969, ambacho kinaanza miaka 12 baada ya cha kwanza. Kukisoma kabla hakutakuharibia uhondo sana. Ni kifupi, na nguvu yake haiko kwenye nani anakufa.

Trela hutoka saa ngapi kwa saa zetu?

Chukua mfano wa inayotoka saa tatu asubuhi ya Los Angeles. Kwetu ni saa moja jioni kati ya Machi na mwanzo wa Novemba, na saa mbili usiku miezi mingine, kwa kuwa wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Sherehe za Oscar siku hizi huanza saa nane usiku kwetu, au saa tisa kama wao hawajasogeza saa, kuamkia Jumatatu. Sehemu ya kwanza ilichukua 6 mwaka 2022, ya pili 2 mwaka 2025: sauti na madoido ya picha.

Rafiki ameiona kabla yangu na anataka kunisimulia.

Mruhusu akusimulie sauti, jangwa na mavazi. Akianza na "kumbe yule…", mnyamazishe kwa soda.